p yangu ni 0.074, supavaiza anataka nitoe watu wawili. Ni halali?

Bintisaiko

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Nimekwama chapta ya nne na siku zinakwenda.

Utafiti wangu ni ule wa kuandika. Kundi la kwanza wanaandika mambo yanayowasumbua moyoni, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kundi la pili wanaandika vitu vya kawaida tu kama ratiba ya siku au chumba kilivyopangwa, halafu mwezi mmoja baadaye wote wanajaza dodoso la msongo wa mawazo, ile PSS ya maswali kumi ambayo alama zake ni 0 mpaka 40, pamoja na PHQ-9 ya sonona. Madodoso hayo hayo walijaza na mwanzoni kabla hawajaandika chochote.

Matokeo ya msongo baada ya mwezi: kundi la kuandika watu 21, wastani 17.1, standadi deviesheni (kipimo cha alama zilivyotawanyika kuzunguka wastani) 6.2. Kundi la pili watu 20, wastani 20.6, standadi deviesheni 6.0. Nimepiga jaribio la t la kulinganisha wastani wa makundi mawili nikapata p = 0.074, yaani kama kuandika hakufanyi kitu, tofauti kubwa hivi au zaidi ingetokea kwa bahati mara 74 kati ya 1000, na kwa kawaida inatakiwa iwe chini ya 0.05.

Supavaiza kaangalia data akaona kwenye kundi la kuandika kuna wawili wana alama 33 na 31, akasema hawa wako mbali na wenzao watoe. Nikawatoa nikarudia, p ikashuka mpaka 0.004, yaani nilibaki nakodolea macho kompyuta. Akasema kama roho inanisuta kuwatoa basi niongeze watu kumi kumi kila kundi nipige tena, isiposhuka chini ya 0.05 niongeze wengine.

Halafu kuna dada mmoja wa kundi la pili alinitumia ujumbe baada ya zoezi kwisha, kabadili mawazo, anataka nifute majibu yake. Fomu ya ridhaa inasema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Sasa nikimtoa huyo p inapanda inakuwa 0.12. Supavaiza anasema zoezi lilishaisha kwa hiyo na haki ya kujitoa nayo iliisha.

Kingine kidogo tu, PHQ-9 lile swali la tisa linalouliza kama mtu amekuwa akiwaza kwamba bora afe au ajidhuru, wapo watatu hawakujibu sifuri. Fomu hazina majina, zina namba, ila orodha ya namba na majina ninayo mimi nimeifungia kabatini. Niliwaahidi usiri kwa hiyo sijui kama kuna cha kufanya hapo. Fomu za mwisho nilikusanya wiki iliyopita.

Naombeni mawazo, hasa hilo la watu wawili.

Jembe la Kale

Dada mbona unajitesa. Toa hao wawili, andika sentensi moja kwamba majibu yaliyokuwa mbali sana na wastani yaliondolewa, songa mbele. Hakuna mtu wa kutetea tasnifu ambaye hajawahi kusafisha data. Supavaiza ndiye anayekupa alama, siyo sisi wa humu mtandaoni. Ukishamaliza ndo ulete hizo falsafa.

TakwimuTu

Jembe mkuu wangu, kusafisha data kupo na ni kazi halali kabisa, ila inategemea unasafisha nini na uliamua lini. Mtu ameandika 330 mahali pa 33, hiyo unasafisha. Mtu karuka nusu ya maswali, hiyo nayo inaeleweka. Hapa hatuna hata kimoja.

Tuanze na hizo alama. Ukitoa 17.1 kwenye 33 ukagawa kwa 6.2 unapata kama 2.6, yaani yuko standadi deviesheni 2.6 juu ya wastani, na ya 31 inatoka 2.2. Sasa wapo watu wanakata mtu akivuka 3, wapo wanaokata kwenye 2.5, wapo wa 2. Ukitumia 3 hatoki mtu. Ukitumia 2.5 anatoka mmoja. Ukitumia 2 wanatoka wote wawili, na hapo lazima uende na kundi la pili uwatoe wa kwao wote waliovuka 2, siyo upande mmoja tu. Kanuni zote tatu zina watetezi wake na ungeweza kuchagua yoyote ILA kabla hujaona data. Ukichagua leo, ukishajua ipi inakupa 0.004, hujachagua kanuni ya takwimu hapo, umechagua jibu halafu ukalitafutia kanuni.

Na kama kuna mtu atasema labda walijaza hovyo hovyo, hilo linapimika. PSS ina maswali kumi, manne kati ya hayo yamegeuzwa, yaani ukijibu "mara nyingi" ni dalili nzuri, kwa hiyo alama zake zinageuzwa kabla ya kujumlisha. Anayezungushia namba moja kutoka juu mpaka chini bila kusoma hawezi kutoka nje ya 16 na 24, fanya hesabu mwenyewe utaona. Kufika 33 inabidi uwe umesoma maswali, na umejibu yale yaliyogeuzwa tofauti na mengine. Hao wawili walikuwa makini kuliko wengi.

Hilo la kuongeza kumi kumi, kuna watafiti watatu, Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn, mwaka 2011 walilifanyia majaribio kwa kompyuta. Walitengeneza data ambazo ndani yake hamna tofauti yoyote, wakaanza na watu 20 kila kundi, isipotoka chini ya 0.05 wanaongeza 10 kila kundi wanapima tena. Kama wewe kabisa. Kosa la kuona tofauti isiyokuwepo likapanda kutoka asilimia 5 kwenda 7.7. Mtu anaweza kusema mbona ni kidogo, sawa, lakini huko ni kuongeza mara moja tu, supavaiza wako anasema uongeze mpaka isome, yaani p ishuke chini ya 0.05. Ukiongeza bila kikomo huku unachungulia kila mara, siku moja itasoma tu hata kama kuandika hakusaidii kitu. Na wewe una vipimo viwili, PSS na PHQ-9, ukiwa huru kutangaza kile kilichokubali pia unapandisha kosa, kwao vipimo viwili vinavyohusiana kiasi vilifika 9.5. Walipojipa uhuru wa aina nne kwa pamoja kosa likafika asilimia 60.7. Yaani afadhali urushe shilingi. Hao hao wakatumia uhuru huo kwa washiriki halisi wakapata p nzuri tu inayosema kusikiliza wimbo fulani kunampunguzia mtu umri kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Siyo kujihisi kijana jamani, umri wenyewe, tarehe ya kuzaliwa. Walifanya makusudi ili watu waone.

Ila bintisaiko kuna kitu kinanikereketa kuliko p. Hao wawili wa 33 na 31, kabla ya kuanza kuandika walikuwa na alama ngapi? Na swali la tisa walijibu nini?

Bintisaiko

Asante sana mwalimu, hiyo ya 16 mpaka 24 nimeijaribu kwenye karatasi ni kweli.

Nimeenda kuangalia. Wa 33 alianza na 22, wa 31 alianza na 19. Swali la tisa wote wawili mwanzoni waliweka 0. Sasa hivi mmoja kaweka 1 mwingine 2. Wa tatu ni wa kundi la pili, yeye aliweka 1 mwanzoni na mwishoni kaweka 1 tena.

Sikuwa nimewaunganisha, maana PSS na PHQ-9 nimeziingiza kwenye mafaili tofauti.

mama_dodoso

Mdogo wangu, funga hiyo programu ya takwimu kwanza. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha na nimekaa kwenye kamati ya maadili, nakuandikia kama mama.

Swali ulilosema ni dogo ndilo kubwa. Hao unaoambiwa uwafute kwenye data ndio wale wale wanaotakiwa kuonwa na mtu leo. Ukiwafuta kwenye jedwali, kwenye tasnifu yako kuandika kutakuwa kunasaidia na hakuna aliyezidiwa, na atakayesoma kazi yako mwakani ataenda kulifanya zoezi hilo hilo kwa watu wengine akiamini halina madhara. Kwangu hapo ndipo penye kosa kubwa la hiyo 0.004, p yenyewe inafuata nyuma.

Sasa cha kufanya, na simaanishi wiki ijayo. Mpigie supavaiza halafu mwandikie hayo hayo kwa maandishi, ujumbe mfupi tu, kwamba washiriki watatu wamejibu juu ya sifuri swali la tisa na wawili kati yao wamepanda toka mwanzo. Waandikie kamati ya maadili iliyokupa kibali, tukio la namna hii linaripotiwa, wana utaratibu wake na mara nyingi wanajibu haraka kuliko mnavyowafikiria. Usiwafuate wewe kuwahoji. Wewe ni mwanafunzi, siyo mtibabu wao, na ukienda na uso wa hofu utawatisha. Anatakiwa awasiliane nao mtaalamu wa afya ya akili au mshauri nasaha, akipewa namba za mawasiliano na kamati ikijua.

Wakati huo huo kuna jambo unaweza kulifanya bila kufungua siri ya mtu yeyote: watumie washiriki WOTE 41 ujumbe ule ule, kuwashukuru na kuwakumbusha wapi pa kupata msaada wa kisaikolojia na namba ya kupiga. Hakuna atakayejua anayelengwa ni nani. Huyo dada aliyejitoa naye mtumie, kujitoa kwenye data hakumwondoi kwenye huruma yako.

Kuhusu usiri. Watu wengi mnachanganya usiri na kutojulikana. Kama ungekuwa hujui kabisa nani kajaza fomu ipi, hapo hawajulikani na kweli usingekuwa na njia ya kumfikia mmoja mmoja. Lakini wewe una orodha kabatini, kwa hiyo wanajulikana, umeahidi tu kutowatangaza. Na ahadi ya usiri kwenye utafiti wa namna hii huwa na mpaka, kwamba ikionekana maisha ya mtu yako hatarini mtafiti ataomba msaada. Soma fomu yako ya ridhaa tena, mara nyingi hiyo sentensi ipo imejificha aya ya mwisho. Kama haipo, ndiyo sababu zaidi ya kuipelekea kamati leo badala ya kuamua peke yako.

Usije ukaogopa ukadhani hao watu wako ukingoni. Swali la tisa limeunganisha mambo mawili, kuwaza bora ufe na kuwaza kujidhuru, na 1 maana yake ni siku kadhaa katika wiki mbili zilizopita, 2 ni zaidi ya nusu ya siku. Wengi wanaojibu 1 wakiulizwa vizuri unakuta ni uchovu wa maisha na hawana mpango wowote. Lakini hilo unalijua baada ya mtu kuulizwa, karatasi haiwezi kukuambia. Na ile imani kwamba ukimuuliza mtu kuhusu kujiua unampa wazo, tafiti hazijaiunga mkono, kuuliza kwa utulivu hakumwongezei mawazo hayo.

Na yule wa tatu msimsahau kwa kuwa hakubadilika. Yeye aliweka 1 kabla zoezi halijaanza, ina maana amekaa na jibu hilo kwenye faili zaidi ya mwezi. Swali la tisa linasomwa mshiriki akiwa bado yupo chumbani. Wakati mwingine ukiwa huna wa kulisoma siku hiyo hiyo na kumshughulikia mtu, tumia PHQ-8, ni ile ile ila swali la tisa limetolewa.

Kipanga

Naongezea ya mama. Wote mmesoma ule mchezo wa gereza wa Stanford 1971, ulipangwa wiki mbili ukakatishwa baada ya siku 6. Watu hukumbuka walinzi na wafungwa, wanachosahau ni kwamba Zimbardo mwenyewe mtafiti alijipa cheo cha mkuu wa gereza, kwa hiyo mwenye mamlaka ya kusimamisha zoezi ndiye huyo huyo aliyekuwa anataka liendelee aone mwisho wake. Aliyemshtua ni Christina Maslach ambaye alikuja kutoka nje akaona kinachoendelea akakataa kukaa kimya. Kamati ya maadili kazi yake kubwa ni hiyo, kuwa mtu wa nje. Supavaiza wako anataka umalize, wewe unataka umalize, nani atamsemea yule wa 33?

Kuhusu dada aliyejitoa sioni hata mjadala. Fomu imesema wakati wowote, na wakati wowote ni pamoja na baada ya zoezi, basi anatoka. Ungekuwa umeandika kwamba mwisho wa kujitoa ni tarehe fulani, au mpaka orodha ya majina itakapochomwa, hapo ungekuwa na hoja, watafiti wengi huweka hivyo kwa sababu baada ya hapo huwezi tena kujua majibu yake ni yapi. Hukuweka. Ridhaa ni mkataba aliousoma yeye, huwezi kuubadili maana kwa sababu ya 0.12. Na angalia ujanja wa hapo: watu wawili walioumia mnataka kuwatoa wakati hawajaomba, mmoja aliyeomba kutoka mnataka kumbakiza, na maamuzi yote mawili yanaipeleka p upande mmoja. Hiyo peke yake ingetosha kumshtua msomaji.

Jembe la Kale

Mama_dodoso shikamoo, hilo la swali la tisa nimekubali sikulisoma vizuri, limekuja mwishoni. Lakini TakwimuTu na Kipanga mnaongea kama vile imethibitika kuandika kumewadhuru hao wawili. Wawili kati ya 21! Inawezekana mmoja kafiwa, mwingine kaachwa, mwezi mzima umepita katikati. Na yule wa kundi la pili mbona naye ana 1? Mkisema p ya 0.074 haitoshi basi na hao wawili hawatoshi.

TakwimuTu

Jembe hapo umepiga penyewe na nakuunga mkono kabisa. Wawili hawathibitishi chochote. Kutojua sababu hakuwi ruhusa ya kuwafuta lakini, unawabakiza na unaandika ulichokiona, basi.

Kwanza tumtoe dada kama Kipanga alivyosema, unabaki na 21 na 19, hiyo ndiyo hesabu yako kuu na p ni 0.12. Usiilaani. Andika tofauti ya wastani na mipaka yake ya asilimia 95. Kwa zile namba zako za mwanzo, kabla hajatoka, mimi napata tofauti ya 3.5 na mipaka kuanzia −0.4 mpaka 7.4, akishatoka mipaka itatelemka kidogo. Msomaji akiona hiyo anaelewa haraka kuliko akiona p: data hizi zinakubaliana na kuandika kutosaidia kabisa, na zinakubaliana pia na kusaidia kwa alama 6 au 7. Ni pana mno. Hujagundua kwamba kuandika hakusaidii, angalia hilo, watu wengi wanaandika "hakuna tofauti" p ikizidi 0.05 na siyo kweli, umegundua kwamba utafiti wako hauwezi kuamua.

Na kwa nini hauwezi? Zoezi la kuandika lilianza na James Pennebaker na Sandra Beall mwaka 1986, na wao wenyewe waliona kwamba mara tu baada ya kuandika watu hujisikia vibaya zaidi, faida ndo ilikuja kuonekana miezi iliyofuata. Kwa hiyo kuzidiwa kwa muda siyo jambo geni kwenye zoezi hili na lilitakiwa liwemo kwenye fomu ya ridhaa kama hatari inayojulikana. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli akakusanya tafiti 146 za aina hiyo, athari kwa wastani ikatoka r (kipimo cha uhusiano, 0 ni hakuna, 1 ni kamili) ya 0.075. Ipo, lakini ni ndogo, ukiigeuza kuwa tofauti ya makundi ni kama 0.15 ya standadi deviesheni. Ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona athari ya ukubwa huo unahitaji karibu watu 700 KILA kundi. Hata kama ungetegemea athari ya kati, ile 0.5, ungehitaji 64 kila kundi. Kwa 20 na athari ya 0.15 nafasi yako ilikuwa chini ya asilimia 10. Unajua maana yake, kabla hujamwita mtu wa kwanza tayari zoezi lilikuwa haliwezi kujibu swali.

Hesabu ya sampuli tunaifundisha kwenye takwimu kana kwamba ni hesabu tu, mimi naona ingekaa kwenye somo la maadili. Umewaomba watu 21 wafungue vidonda vyao kwa siku nne, jambo pekee linalohalalisha kuwaomba hivyo ni kwamba kitajulikana kitu. Lawama hii siiweki kwako mdogo wangu, aliyepitisha andiko lako alitakiwa aulize. G*Power, programu ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ni ya bure na hiyo hesabu inachukua dakika mbili.

Halafu kuna tatizo lingine la sampuli ndogo ambalo watu hawalifikirii. Athari ya kweli ikiwa ndogo na sampuli ndogo, zile tafiti chache zinazobahatika kusoma chini ya 0.05 lazima ziwe zimeitia chumvi athari, la sivyo zisingesoma. Mwaka 2015 watafiti walirudia tafiti 100 za saikolojia, asilimia 97 ya zile za mwanzo zilikuwa na p nzuri, zilizorudiwa ni 36 tu, na ukubwa wa athari ukashuka karibu nusu kwa wastani. Wengi wa hao wa mwanzo hawakuwa matapeli. Walikuwa na supavaiza kama wako, na Jembe pembeni anawaambia songa mbele 😀

Mwisho, umepima msongo mwanzoni halafu hujautumia kwenye hesabu! Kama andiko lako lilisema utalinganisha alama za mwisho tu basi hiyo ibaki kuwa kuu. Lakini ongeza hesabu ya pili inayozingatia alama za mwanzo za kila mtu, iite uchunguzi wa ziada, usiifiche na usiipandishe cheo. Na kwenye viambatisho weka matokeo yakiwa na wale wawili na yasipokuwa nao, msomaji aone mwenyewe kwamba hitimisho linaning'inia kwa watu wawili. Hiyo ni taarifa muhimu sana, mimi ningekuwa nakutahini ningekupa alama kwa hiyo kuliko kwa 0.004.

Kipanga

Na kinyume chake pia kipo. Facebook walifanya jaribio la wiki moja Januari 2012 kwa watu 689,003, wakapunguza machapisho ya furaha au ya huzuni anayoyaona mtu waone kama naye ataandika kwa hali hiyo. Ilipochapishwa 2014 kelele zilikuwa za ridhaa, kwamba kukubali masharti ya kufungua akaunti siyo ridhaa ya kufanyiwa jaribio, na ni kweli. Ila wachache walitazama namba. p nzuri kabisa, athari kubwa kuliko zote ilikuwa 0.02 ya standadi deviesheni. Ukiwa na watu wengi kiasi hicho hata upepo utasoma. Kwa hiyo p ndogo haisemi kama jambo ni kubwa, na p kubwa haisemi kama halipo.

Jembe la Kale

😂😂 TakwimuTu nimekusikia. Swali la kizushi, akiandika p = 0.12 si atafelishwa?

mama_dodoso

Marahaba Jembe. Wanaotahini tasnifu wanaangalia kama mwanafunzi ameelewa alichofanya. Nimeona waliopita na p ya 0.6 na waliorudishwa na p ya 0.001 kwa sababu hawakuweza kueleza watu watano wamepotelea wapi kati ya chapta ya tatu na ya nne. Idadi isipolingana ndo swali la kwanza atakaloulizwa.

Bintisaiko

Nimerudi wakuu. Nilimpigia supavaiza jioni ile ile na kumwandikia, kamati nayo nikawaandikia. Kamati wamejibu kesho yake asubuhi, wakamteua mshauri nasaha, nikamkabidhi mawasiliano ya wale watatu kwa bahasha na ameshazungumza nao wote. Sijaambiwa walichozungumza na sijauliza. Ujumbe kwa wote 41 nimetuma. Fomu ya ridhaa kumbe ile sentensi ilikuwepo kama mama alivyosema, aya ya mwisho kabisa.

Supavaiza kwanza alinuna. Alivyosikia swali la tisa ni la watu wale wale wawili akakaa kimya muda mrefu kwenye simu, halafu akasema basi waache, andika hesabu zote. Kuhusu dada aliyejitoa bado anasema sikulazimika lakini kamati wamemwandikia kwamba atoke, kwa hiyo katoka. Mipaka mipya imekuwa −0.9 mpaka 6.8.

Sasa jedwali langu la chapta ya nne, wastani niweke desimali ngapi? Programu inanipa tano. Na kwenye jedwali la alama za mwanzo dhidi ya mwisho sehemu ya p imeandika 0.000, niiache hivyo?

TakwimuTu

Wastani na standadi deviesheni desimali moja inatosha, mbili ukitaka, dodoso lenyewe linatoa namba nzima. p weka tatu. Hiyo 0.000 usiiache, hakuna p ya sifuri, programu imekata tu, andika chini ya 0.001. Na kwenye kila jedwali weka idadi ya watu, 21 na 19, pamoja na maelezo chini yake kwamba mmoja alijitoa baada ya zoezi.